Mgonjwa Aulizwe Uji: Mhadhara juu ya Wosia wa Matibabu

  Mada ya leo wauguzi wanaiishi kila usiku wodini.

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Hapigiwi hodi ya maswali. Anapikiwa, analetewa, anabembelezwa anywe. Msemo huo umejaa huruma, na kwa karne nyingi umetosha, kwa sababu kilichokuwa kikiletwa kitandani kilikuwa uji kweli, na supu, na dawa ya mitishamba. Leo kinacholetwa ni mashine ya kupumulia, mrija wa kulishia unaopita puani au tumboni, mashine ya kusafisha damu pale figo zinapogoma, na umeme wa kushtua moyo uliosimama. Vifaa hivi huwarudisha nyumbani watu wengi ambao zamani wangekwisha kuzikwa. Lakini vifaa hivihivi vinaweza kurefusha kufa kwa majuma na miezi, na anayewekewa mara nyingi hana tena uwezo wa kusema ndiyo wala hapana.

Kusudi la mhadhara huu ni kutetea jambo moja: mtu aulizwe mapema, angali mzima, na amteue mwenzake wa kumsemea siku atakaposhindwa kujisemea. Maandishi yafuate mazungumzo hayo. Huo ndio wosia wa matibabu.

Kabla ya hoja, tuondoe mashaka mawili. Wosia huu haugusi shamba wala nyumba. Ule wa mali husomwa baada ya mwenyewe kuzikwa, huu hufanya kazi angali hai na hajiwezi. Wala si ombi la kuuawa. Hakuna daktari anayeambiwa achome sindano ya kuua. Mgonjwa anaeleza matibabu anayoyakubali, asiyoyataka, na nani aamue panapotokea jambo ambalo hakulitazamia. Anaweza pia kuandika kwamba anataka kila linalowezekana lifanywe hadi pumzi ya mwisho, na huo nao ni wosia halali. Na maadamu ana akili zake, anaweza kuubadilisha wakati wowote.

Hoja ya kwanza: walioufungulia ulimwengu njia walikuwa vijana

Wengi hudhani jambo hili ni la wazee. Historia inasema vingine.

Luis Kutner, wakili wa Chicago, ndiye aliyechapisha pendekezo la wosia wa namna hii mwaka 1969. Wazo lake lilipata uzito mpya Aprili 1975, pale msichana wa miaka 21 wa jimbo la New Jersey, Karen Ann Quinlan, alipoanguka na kuacha kupumua baada ya kunywa pombe pamoja na dawa za kutuliza. Ubongo wake uliharibika kwa kukosa hewa. Akabaki na mashine, hajui aliye mbele yake. Wazazi wake, Wakatoliki waliokuwa wakishauriana na paroko wao, waliomba mashine iondolewe. Madaktari wakakataa. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, ambayo Machi 1976 iliamua kwamba haki ya Karen ya kukataa matibabu haikupotea pamoja na fahamu zake, na kwamba baba yake angeweza kuitumia kwa niaba yake. Mashine iliondolewa. Karen akaendelea kupumua mwenyewe, akaishi hadi Juni 1985, akilishwa kwa mrija. Mwaka uleule wa hukumu, California ilipitisha sheria ya kwanza nchini Marekani ya kuutambua wosia wa matibabu.

Kesi ya pili inahitaji utulivu zaidi, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo somo lenyewe.

Januari 1983 Nancy Cruzan, mwanamke wa miaka 25 wa Missouri, alipinduka na gari usiku. Waokoaji walimkuta hapumui. Waliurudisha moyo wake, lakini ubongo haukurudi. Baada ya miaka kadhaa wazazi wake waliomba mrija wa kulishia uondolewe, wakisema binti yao asingetaka kuishi vile. Jimbo likauliza: mnajuaje? Ushahidi uko wapi? Nancy hakuwa ameandika chochote, na nani huandika akiwa na miaka 25? Kilichokuwepo ni maneno aliyowahi kumwambia mwenzake wa nyumba moja, kwamba asingependa kuendelea kuishi kama asingeweza kuishi japo nusu ya maisha ya kawaida.

Juni 1990 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba Missouri ilikuwa na haki ya kudai ushahidi ulio wazi na wa kusadikisha. Maneno yale ya chumbani hayakutosha. Wazazi walishindwa. Lakini habari za kesi zilipoenea nchini, watu waliowahi kufanya kazi na Nancy walijitokeza: walikumbuka mazungumzo, walikumbuka alichosema. Shauri likarudi mbele ya jaji wa kule Missouri, naye Desemba mwaka huohuo akaridhika. Mrija ukaondolewa, na Nancy akafariki tarehe 26 Desemba 1990.

Zingatieni kilichofungua mlango ule. Ni maongezi ya kawaida kazini, yaliyosikiwa na watu zaidi ya mmoja na kukumbukwa. Miaka ya kesi na uchungu ilitokana na ukweli kwamba maongezi hayo hayakufanywa mbele ya watu waliofaa, wala hayakuandikwa popote.

Mwaka huohuo wa 1990 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayozitaka hospitali zinazolipwa kwa fedha za serikali zimuulize kila mgonjwa mtu mzima anayelazwa kama ana wosia wa matibabu. Ilianza kutumika Desemba 1991.

Hoja ya pili: karatasi peke yake haitoshi

Hapa watetezi wa jambo hili wanapaswa kusema kweli. Baada ya sheria ile, ilitazamiwa kwamba Wamarekani wengi wangeandika. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliojumlisha tafiti 150 ulionyesha kwamba ni kama watu wazima 37 tu katika kila 100 waliokuwa na wosia huo. Na hata walioandika hawakuokolewa na karatasi.

Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofuatilia wagonjwa mahututi 9,105 katika hospitali 5 za Marekani. Kwanza watafiti waligundua kwamba chini ya nusu ya madaktari walijua ni mgonjwa yupi hataki kukandamizwa kifua moyo ukisimama. Ndipo wakawaweka wauguzi waliofunzwa, wazungumze na wagonjwa na jamaa zao, wapeleke habari kwa madaktari, wafuatilie. Hali haikubadilika. Maumivu yalibaki yaleyale, siku za kukaa chumba cha mahututi zilezile.

Kwa nini? Sababu moja ni wakati. Mazungumzo yale yalianza mgonjwa akiwa tayari hoi, hospitali nzima iko mbioni kumwokoa. Nyingine ni lugha ya fomu zenyewe. Mtu anaandika kwamba asiwekewe mashine akiwa hana matumaini ya kupona. Vema. Sasa aletwe saa nane usiku na homa ya mapafu juu ya kisukari cha miaka 20. Je, hana matumaini? Daktari wa zamu hajui. Huenda mashine ya siku 4 ikamrudisha kwa wajukuu, huenda ikawa mwanzo wa mwezi wa mateso. Karatasi haiwezi kuulizwa swali likajibu. Mtu anaweza.

Na pana jambo ambalo raia wengi hawajaambiwa. Kufufua moyo tunakujua kupitia filamu: mgonjwa anashtuliwa mara mbili, anakohoa, anafumbua macho. Mwaka 1996 watafiti walihesabu matukio hayo katika vipindi vya televisheni vya Marekani wakakuta wagonjwa 3 kati ya 4 wakifufuka. Katika hospitali halisi za nchi hiyohiyo, zenye vifaa vyote, wanaotoka hospitalini wakiwa hai baada ya moyo kusimama wodini ni kama robo tu, na kwa mzee aliyedhoofishwa na saratani iliyosambaa nafasi ni ndogo zaidi. Mbavu huvunjika. Ubongo unaweza kudhurika. Anayechagua ana haki ya kuyajua haya kabla ya kuchagua.

Hoja ya tatu: mteue msemaji, na mteue mbele ya watu

Hii ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote, na ndipo mila zetu zinapoweza kusaidia au kuumiza.

Terri Schiavo alikuwa na miaka 26 moyo wake uliposimama huko Florida, Februari 1990. Hakuwa na wosia, wala hakuwa amemteua mtu. Mume wake alisema mkewe asingetaka kuishi kwa mrija. Wazazi wake walisema angetaka. Wote walimpenda. Walishtakiana kwa miaka. Mrija ukaondolewa na kurudishwa mara mbili. Gavana akaingilia, Bunge la Marekani likaitishwa, Rais Bush akatia saini sheria usiku kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Terri alifariki tarehe 31 Machi 2005, miaka 15 baada ya kuanguka, na familia zile mbili hazikupatana.

Msidhani ni mambo ya Wamarekani. Nani hapa hajasimama katika korido ya hospitali, ukoo mzima umekusanyika, shangazi akitaka mgonjwa arudishwe nyumbani, kaka mkubwa akitaka ahamishiwe Nairobi, na mtoto aliyeko Doha au Minnesota, ambaye ndiye anayetuma pesa, akisisitiza kwenye simu kwamba kila kitu kifanywe? Mwaka 1991 jarida la Marekani la madaktari wa wazee lilichapisha makala kuhusu hali hiyohiyo, likiipa jina la binti kutoka California: yule jamaa wa mbali anayefika mwishoni, mwenye majuto ya kutokuwapo, na kuvunja yote waliyokubaliana waliomuuguza. Majuto hayo ni ya kweli na yanastahili kuhurumiwa. Lakini yasiwe ndiyo yanayoamua mwili wa mgonjwa upitie nini, wala shamba lipi liuzwe.

Tena, tusijidanganye kwamba jamaa wanajua tu bila kuambiwa. Mwaka 2006 yalichapishwa mapitio ya tafiti 16 zilizowapa wagonjwa na wasemaji wao maswali yaleyale kando kando. Wasemaji walipatia asilimia 68 ya majibu. Katika kila maamuzi matatu, karibu mmoja ulikuwa kinyume na matakwa ya mgonjwa, na wengi wa wasemaji hao walikuwa wake, waume na watoto wa kuzaa.

Sasa sheria yetu. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, kifungu cha 9, inasema mgonjwa asipewe huduma bila ridhaa yake, kisha inaeleza itakuwaje akiwa hawezi kuridhia. Wa kwanza kutajwa ni mtu aliyeidhinishwa na mgonjwa mwenyewe kwa maandishi. Someni tena hapo, mawakili: kwa maandishi, tena na mgonjwa mwenyewe. Mlango upo wazi tangu 2017, na wanaoupita ni wachache mno kwa sababu hawajaonyeshwa ulipo. Kifungu hichohicho kinaruhusu matibabu ya dharura pale kuchelewa kunapoweza kuleta kifo, ila kama mgonjwa alikwisha kuyakataa kwa kauli au kwa matendo. Neno alilolisema zamani lina uzito kisheria.

Mashahidi wa Yehova wametutangulia katika hili. Hubeba mfukoni kadi iliyotiwa saini inayosema wasiongezwe damu. Mtu anaweza kutokubaliana nao kabisa kuhusu damu, lakini daktari anayempokea mmoja wao akiwa hana fahamu anajua mara moja amepokea nani na anataka nini.

Basi ateuliwe nani? Si lazima mkubwa wa ukoo, wala mwenye pesa. Ni yule atakayeweza kusema asichokitaka yeye mwenyewe kwa sababu mgonjwa ndiye alikitaka, tena akasema hivyo mbele ya wajomba waliokasirika. Pengine ni binti wa mwisho. Pengine ni rafiki. Lakini uteuzi wa faragha utavunjwa siku ya kwanza. Kikao cha ukoo, kile tunachokiitisha kwa posa na kwa matanga, kiitishwe kwa hili pia: baba aseme mbele ya wote, yule wa Doha akiwa kwenye simu, kwamba fulani ndiye atakayemsemea na mwingine asimbishie. Hapo jamii inageuka kuwa ulinzi wa neno lake.

Ushahidi kwamba inawezekana upo. Huko Melbourne, Australia, hospitali moja iliwagawa wagonjwa 309 wenye umri wa miaka 80 na zaidi katika makundi mawili. La kwanza lilisaidiwa kuzungumza mapema pamoja na jamaa zao. Miongoni mwa waliofariki ndani ya miezi 6, matakwa ya 86 katika kila 100 wa kundi hilo yalijulikana na kufuatwa. Katika kundi la pili ni 30. Na jamaa waliobaki wa kundi la kwanza walipatwa na msongo na huzuni nzito kwa kiasi kidogo zaidi. Matokeo hayo yalichapishwa 2010.

Hoja ya nne: dini hazijaufunga mlango huu

Kuna wanaoona kwamba kutaja kifo ni kukiita. Lakini pwani yetu imejaa wazee waliorudi kutoka Makka na sanda iliyooshwa kwa maji ya Zamzam, wakaiweka sandukuni na kuwaonyesha watoto ilipo. Kuna Hadithi inayomtaka Mwislamu mwenye cha kuusia asipitishe mausiku mawili bila wosia wake kuandikwa. Wazee hao hawakufa mapema kwa kuonyesha sanda.

Kuhusu mashine zenyewe, Baraza la Fikihi la Kimataifa lililokutana Amman mwezi Oktoba 1986 lilikubali kwamba wataalamu wakithibitisha ubongo umekufa kabisa, vifaa vinaweza kuondolewa hata kama moyo unapigishwa na mashine. Kwa upande wa Wakatoliki, Papa Pius wa Kumi na Mbili aliwaambia madaktari wa nusukaputi mnamo Novemba 1957 kwamba mtu analazimika kutumia njia za kawaida kulinda uhai, na halazimiki kutumia zile zinazomletea yeye au wenzake mzigo mkubwa mno. Fundisho hilo ndilo walilolishika wazazi wa Karen Quinlan. Masheikh na mapadri mlioko hapa mna ujuzi kuliko msemaji wa leo. Watu watawaamini ninyi kuliko fomu yoyote ya hospitali, na hilo ni deni mnalodaiwa.

Hoja ya tano: kukataa mashine kusiwe kukataa huduma

Wosia wa matibabu katika nchi isiyo na dawa ya maumivu ni ukatili. Mgonjwa anayesema asipelekwe chumba cha mahututi lazima apate kitu badala yake: maumivu yatulizwe, vidonda vioshwe, pumzi isimsumbue, jamaa wawe karibu. Hiyo ndiyo tiba shufaa, na kwetu si ngeni. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Uganda, Dakta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akitumia morfini ya maji, ya kunywa, isiyo na gharama kubwa. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika morfini, jambo lililoifikisha dawa vijijini ambako daktari haonekani. Anayemuuliza mgonjwa anataka nini, kisha hana hata morfini ya kumpa, amemuuliza bure.

Kwa hiyo mazungumzo ya nyumbani yaguse mambo haya waziwazi: moyo ukisimama, kifua kikandamizwe au la; mashine ya kupumulia, na ikikubaliwa, ijaribiwe kwa siku ngapi kabla ya kukaa chini upya; mrija wa kulishia akiwa hatambui tena mtu; kusafishwa figo; kufia hospitalini au nyumbani; na pesa. Ndiyo, pesa. Mzee mwenye ekari mbili ana haki ya kusema kiasi gani kisivukwe ili wajukuu wabaki na shule. Akilisema mwenyewe, hakuna mtoto atakayelaumiwa kwa kulisema.

Yaliyo mbele yetu

Mji wa La Crosse, Wisconsin, ulianza 1991. Hospitali zake kubwa zilishirikiana kuwafunza wauguzi, maofisa ustawi na viongozi wa dini namna ya kuongoza mazungumzo haya, wakawafuata watu kabla hawajawa mahututi. Utafiti uliochapishwa 1998 ulichunguza vifo 540 vya wakazi watu wazima: 85 katika kila 100 walikuwa na wosia wa maandishi, na karibu zote zilikuwa ndani ya faili la hospitali, mahali daktari wa usiku angeziona. Ni mji uliojipanga. Hakukuwa na muujiza wala mashine mpya.

Kwetu, pa kuanzia ni kliniki za kisukari, za shinikizo la damu na za kusafisha figo. Mgonjwa anakuja pale mara kwa mara, ana akili zake, anamfahamu muuguzi kwa jina. Ukurasa wa kwanza wa faili lake uwe na jina la msemaji wake na nambari ya simu. Hilo halihitaji bajeti. Vyuo vya uuguzi na udaktari viwafunze wanafunzi kuanzisha maongezi hayo kwa Kiswahili na kwa lugha za mama, wasiongee kwa Kiingereza cha kitabuni mbele ya bibi wa Kwale.

Wosia huu pia utahitaji fomu fupi inayoambatana na kifungu cha 9, na hapo chama cha mawakili wa mji huu kina kazi ya kufanya pamoja na wauguzi. Yapo ya kuamuliwa: mashahidi wawe wangapi, asiyejua kuandika aweke dole gumba mbele ya nani, msemaji akiwa pia mrithi, awekewe masharti gani, na nakala zihifadhiwe wapi ili zipatikane usiku wa Jumapili. Mwenyekiti, muda uliobaki na utumike kwa maswali hayo manne, tukianza na la mashahidi.